Jina Langu Kwenye Daftari Jeusi

Shangazi yangu alikataa katakata kupanda ngazi.

"Ghorofa tatu kwa ajili ya boksi la karatasi? Nenda mwenyewe. Mimi nakusubiri hapa garini. Na usikae, maana nakujua, wewe na hilo jengo ni chanda na pete. Ukikaa napiga honi."

"Sikai, shangazi."

"Na kama yumo yule mwembamba wenu, msalimie upite. Meya haolewi na mtu wa gazeti, mwanangu. Ukikoroma usiku, asubuhi jiji zima linasoma."

Nilicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha kumridhisha. Shangazi alinilea tangu nikiwa na miaka tisa, mama yangu alipofariki, na mpaka leo nina miaka arobaini na mmoja bado ana maoni juu ya kila kitu changu, kuanzia nywele mpaka wanaume. Nilifunga mlango wa gari taratibu, kwa sababu ukiubamiza anakuita urudi uufunge upya.

Ilikuwa Ijumaa, saa tisa alasiri. Jumatatu saa nne asubuhi nilitakiwa kusimama mbele ya madiwani wote na kuapa kuwa meya wa jiji. Mimi! Mtu aliyekaa benchi la nyuma la ukumbi huohuo miaka kumi na tisa, akiandika nani kasema nini na nani kasinzia. Mkobani nilikuwa na fomu ambayo kila kiongozi huijaza kabla ya kiapo: mali zako, ndugu zako walio na kazi na jiji, na mstari mmoja unaosema, "Mwenza au mtu wa karibu, na uhusiano wenu." Nilikuwa nimejaza kila kitu isipokuwa mstari huo. Niliuacha wazi wiki nzima.

Sitaki kuzungukazunguka. Nilikuwa nampenda Mkasi, mhariri wa Meza ya Jiji, yaani kitengo cha habari za jiji kwenye gazeti letu, huyohuyo mwembamba wa shangazi. Nilikuwa nampenda na nilikuwa na hasira naye, vyote kwa pamoja, kwa miaka saba. Nilikwenda pale kuchukua vitu vyangu, ni kweli, lakini nilikwenda pia kuona kama nitatoka jengo lile bila yeye kuniambia neno. Kama asingesema, ningechora kistari kwenye ule mstari, Jumatatu nikabidhi fomu, na yaishe.

Chumba cha habari kilikuwa kilekile. Feni ya katikati bado inalia kila ikizunguka mara ya tatu. Harufu ya kahawa iliyosahauliwa jikoni, vumbi la magazeti ya zamani yaliyopangwa ukutani hadi darini, simu zinazoita bila mtu wa kupokea. Nilisimama mlangoni nikajikuta nimeshika kifua. Miezi minane nilikuwa likizo bila malipo, nikizunguka mitaani kuomba kura, na sikuwa nimejua kwamba nilikikumbuka chumba kile kiasi hicho.

"Mheshimiwa!" Mama Koma alipaza sauti kutoka kwenye meza yake. Ndiye msomaji wa mwisho wa kurasa zetu kabla hazijachapwa, mama mnene mwenye miwani ya kamba, na hakuna kosa linalompita. "Nisimame, au nikupokee nikiwa nimekaa?"

"Kaa, Mama Koma. Magoti yako nayafahamu."

"Asante, Mitaro. Kumbe cheo hakijakupanda kichwani."

Mitaro ndilo jina langu mle ndani. Walinipa mwaka wangu wa kwanza, kwa sababu kila wiki nilikuwa na habari ya mtaro ulioziba. Wenzangu waliandika mikutano na sherehe, mimi nimevaa buti za mpira ninapima maji machafu kwa rula. Mtaro wa mtaa wangu niliuandika mara kumi na moja. Mara ya kumi na moja, bibi mmoja jirani yangu alinishika mkono sokoni akasema, "Binti, umetuandikia vizuri, tumesoma, tumechoka. Sasa njoo uuzibue." Nikacheka. Usiku sikulala. Mwezi uliofuata nikaomba likizo nikagombea udiwani. Watu wakanipa. Kisha madiwani wenyewe, walewale niliowaandika wakisinzia, wakanichagua kuwaongoza. Mpaka leo sijui kama walinipenda au walitaka tu niache kuandika.

Meza yangu ilikuwa chini ya dirisha, na droo yake bado inafunguka kwa teke. Nikaipiga teke. Nikaanza kupanga kwenye boksi: kikombe kisicho na mkono, madaftari yaliyolowa maji yakakauka, rula yangu ya mitaro.

"Umesikia ya Mkasi?" Mama Koma aliuliza, sauti chini.

Mkono wangu ukasimama. "Sijasikia kitu."

"Kaiacha Meza ya Jiji. Kuanzia Jumatatu yuko barua za wasomaji na chemshabongo."

"Chemshabongo! Mkasi?"

"Huyohuyo. Miaka kumi na minne kaijenga ile meza, leo kaibwaga. Na hajafukuzwa, kaomba mwenyewe."

Damu ilinipanda. Yaani mtu huyu ananichukia kiasi kwamba mimi nikiwa meya, bora akatunge maswali ya chemshabongo kuliko kuliona jina langu kwenye kurasa zake! Nikatupa rula ndani ya boksi.

Lazima nieleze hapa, la sivyo mtaniona kichaa.

Mkasi aliitwa hivyo kwa sababu alikata. Ukimpelekea habari ya maneno mia nane, inarudi na mia tano, na zile mia tano zinapumua. Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi ambayo sijaiona kwa mhariri mwingine. Alikuita ukae mbele yake, akasoma habari yako kwa sauti, sentensi moja moja. Akifika pabaya ananyamaza, anakutazama juu ya miwani, anauliza, "Sentensi hii inakula nini hapa?" Ukikosa jibu, inakatwa. Lakini hakupitisha neno lake kwenye kazi ya mtu kwa mabavu. Akiandika sahihisho kwa kalamu yake nyekundu, alikugeuzia karatasi na kuuliza, "Mwandishi anakubali?" Ukikubali, unatia herufi za jina lako pembeni. Ndivyo nilivyojifunza kazi. Na ndivyo nilivyompenda, tuseme ukweli, herufi mbili mbili pembeni mwa karatasi kwa miaka.

Kisha ikaja siku ya mafuriko. Mpiga picha alikuwa mgonjwa, Mkasi akasema atakuja yeye. Tulikuwa kwenye maji hadi magotini, na mkondo ukanivua viatu vyote viwili, vikaenda. Pale chini kulikuwa na vioo na misumari. Mkasi alipanda kwenye jiwe, akavua viatu vyake, akaniambia, "Vaa." Vilikuwa vikubwa mno, vya ngozi, vizito. Nikavaa. Yeye akatembea peku mpaka ofisini, mwendo wa saa nzima, madaftari yetu kayaweka kichwani. Tulipofika miguu yake ilikuwa imechanika. Alikaa akasoma habari yangu kwa sauti kama kawaida, na siku ile hakukata hata sentensi moja. Alipomaliza alinitazama. Hakuniuliza kitu, alinitazama tu, na mimi nikamtazama, na hakuna kati yetu aliyekuwa na haraka ya kuangalia pembeni.

Niliporudi nyumbani shangazi alivitazama vile viatu akauliza, "Umemvua nani?" Nikasema nimeazima ofisini. Niliona aibu.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumatatu naingia kazini nimevaa gauni jipya, namkuta Mkasi amesimama. "Kuanzia leo habari zako atazihariri Mama Koma." Basi. Hakutoa sababu. Nilimsubiri wiki moja aseme kitu, nikasubiri ya pili. Nikaona, ahaa, kumbe nilijidanganya, mwenzangu alikuwa ananihurumia tu. Shangazi alikuwa na mhandisi wake aliyenitaka kwa muda mrefu, mtu mzuri, ana nyumba, ana saa ya dhahabu. Nikasema ndiyo kwa hasira. Pete ilikaa kidoleni mwaka mmoja, kisha mhandisi akaniambia atanioa nikiacha kunuka mtaro, nami nikamvulia pete yake hapohapo mezani. Lakini kwa Mkasi sikurudi tena. Miaka saba ilikuwa "habari za asubuhi" na "nzuri."

"Mitaro!" Mzee, mhariri wetu mkuu, aliniita kutoka ofisini kwake. "Njoo umalizie daftari kabla hujaondoka."

Daftari jeusi. Nililisahau kabisa. Kwenye gazeti letu lilikuwepo daftari moja la jalada gumu, linakaa kabatini kwa Mzee, na kila mwandishi ana ukurasa wake. Kama habari inamhusu mtu wako, awe ndugu, adui, au mtu mnayeshirikiana naye biashara, unaandika jina lake, tarehe na sababu. Ukishaandika, humwandikii wala huigusi kazi yake, mpaka mwenyewe uufute mstari. Kuchungulia ukurasa wa mwenzio ni utovu wa adabu, sawa na kufungua kabati lake la nguo. Na anayeondoka kazini hufuta ukurasa wake wote kwa mkono wake, ndiyo kuaga.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, mheshimiwa wetu." Alinisogezea daftari na kalamu, kisha akageuka na kiti chake chote kutazama dirishani. "Chukua muda. Mimi natazama mawingu."

Ukurasa wangu ulikuwa na mistari mitatu: shangazi, binamu yangu mwuza mabomba, mhandisi. Nikaifuta. Ukurasa unaotangulia wangu ulikuwa wa Mkasi, kwa sababu ndiye aliyeajiriwa kabla yangu. Karatasi ilikuwa imejikunja kidogo upande.

Nilichungulia. Nasema ukweli, nilichungulia.

Mstari ulikuwa mmoja tu. Jina langu, majina yote matatu, kwa mwandiko wake unaolalia kulia. Tarehe: Jumatatu ile baada ya mafuriko. Kwenye safu ya sababu, pale ambapo wenzetu wote huandika "binamu" au "tuna kesi ya uzio," yeye alikuwa ameandika "Nampenda."

Chini yake kulikuwa na mwandiko wa Mzee, wino bado mbichi, tarehe ya Ijumaa hiyohiyo: "Ameulizwa kama atafuta mstari huu ili abaki Meza ya Jiji. Amekataa."

Nilisoma mistari yote miwili tena.

"Mzee..."

"Mimi sijaona kitu," alisema bila kugeuka. "Mawingu ni mengi leo. Yupo chumba cha magazeti ya zamani."

Nilimkuta amepiga magoti sakafuni, anafunga mafaili yake kwa kamba. Mvi zilikuwa zimeongezeka masikioni. Mikono ya shati imekunjwa kama zamani, kalamu nyekundu sikioni. Aliniona, akasimama, akapangusa vumbi mapajani.

"Hongera, Mitaro. Nilikuwa nataka kuja kukuambia hongera."

"Wewe una akili timamu?"

"Umechungulia."

"Nimechungulia. Nishtaki! Miaka saba, Mkasi! Miaka saba naamka asubuhi najiuliza nilikukosea nini. Nilidhani habari zangu zimekuwa mbovu. Nilidhani unanionea kinyaa kwa yale maji machafu!"

"Kinyaa?" Alionekana ameumia kweli. "Kwako wewe?"

"Sasa ningejuaje? Ulisema 'atazihariri Mama Koma,' ukanipa mgongo!"

"Ningekuambiaje? Ulikuwa chini yangu kazini. Nilijitoa kwanza ili nikija kwako uwe huru kunikataa, bila kuogopa kalamu yangu." Akashusha sauti. "Halafu nikaanza kutafuta maneno. Nimekata maneno ya watu maisha yangu yote, yangu mwenyewe nikayakosa. Naandika barua, naifuta, naandika. Wiki mbili. Siku niliyoimaliza, uliingia asubuhi na pete kidoleni."

Nilikitazama kidole changu, sasa kitupu.

"Na nilipoivua?" niliuliza.

"Ulikuwa hunitazami. Nikaona, huyu kanikataa kabla sijasema. Nikamwacha apumzike."

"Wajinga wawili," nilisema, na machozi yakaanza kunitoka bila ruhusa yangu. Mimi si mtu wa kulia, waulize wote. "Nenda kwa Mzee ukafute huo mstari. Sasa hivi. Meza ya Jiji ni maisha yako, huwezi kuitupa kwa ajili yangu."

"Siwezi kufuta kitu ambacho ni kweli."

"Ni daftari tu!"

"Nisikilize, Mitaro. Jumanne au Jumatano utakosea kitu, maana hakuna meya asiyekosea. Nami nitatamani kukuficha. Nikikuficha, si mwandishi tena. Nisipokuficha, sitalala. Acha nikatunge chemshabongo. Ukikosea, Mama Koma atakuchapa, na atakuchapa vizuri kuliko mimi."

Nilicheka na kulia kwa pamoja, kitu ambacho hakipendezi usoni kwa mtu yeyote. Yeye hakusogea. Alisimama palepale na kamba mkononi, akinitazama kama siku ile ya mafuriko, na safari hii pia hakuna aliyeangalia pembeni.

Chini honi ikalia. Mara moja, ndefu. Kisha simu yangu ikaita.

"Uko wapi?" Sauti ya shangazi haihitaji spika, Mkasi alisikia kila neno. "Boksi gani hilo? Unalijenga?"

"Naongea na mtu, shangazi."

"Mtu gani? Ni yule mwembamba, siyo?"

"Ndiye. Na nitakuambia kitu, usikate simu. Vile viatu nilivyokuja navyo siku ya mafuriko vilikuwa vyake."

"Najua ni vya mwanamume, sina upofu. Si ulisema umeazima? Viko juu ya kabati langu. Kila mwaka navipaka rangi, ngozi ikiachwa inapasuka."

Sikujua. Wallahi sikujua. Nilidhani alivitupa zamani.

"Sikuazima. Alivivua majini akanivisha mimi. Yeye akatembea peku saa nzima juu ya vioo."

"Mbona hukuniambia?" shangazi alisema, na sauti ilikuwa nyingine, ya chini. "Mimi nilijua kakupa vya akiba. Na nikakuhimiza kwa yule wa saa ya dhahabu." Akapiga kite. "Mwambie viatu vyake vipo. Avifuate mwenyewe, Jumapili, mchana, achane nywele."

"Shikamoo shangazi," Mkasi alisema kwa mbali.

"Marahaba! Na ukimwandika mwanangu vibaya napajua unapofanya kazi!"

"Nimeshaacha, shangazi. Niko chemshabongo."

Nilikata simu. Nikafungua mkoba nikatoa ile fomu, nikailaza juu ya rundo la magazeti, nikaandika kwenye ule mstari uliokuwa wazi. Niliandika majina yake yote matatu. Mbele ya "uhusiano wenu" nikasita, kisha nikaandika neno moja nikamsogezea.

"Niharirie," nilisema.

Alivaa miwani. Akaisoma fomu kwa sauti kutoka mwanzo, sentensi moja moja, kama zamani: kiwanja changu, gari langu bovu, binamu yangu mwuza mabomba. Nilifumba macho nikasikiliza. Nilikuwa nimeikosa sauti ile ikitamka maneno yangu kuliko nilivyoweza kujikubalia. Alifika kwenye jina lake, akayasoma majina yote matatu. Akasoma mbele yake, "Rafiki."

Akanyamaza. Akanitazama juu ya miwani.

"Neno hili linakula nini hapa?"

"Sina jibu," nilisema.

Alichomoa kalamu nyekundu sikioni. Akakata "rafiki" kwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake akaandika "mchumba." Kisha akanigeuzia karatasi.

"Mwandishi anakubali?"

Niliichukua kalamu mkononi mwake, nikatia herufi zangu pembeni.

Chini shangazi alipiga honi tena. Tulimsikia, tukamwacha apige.